Arrêté haionekani: kisa cha kiendelezi cha Firefox katika ofisi moja ya Lubumbashi

Malalamiko yalikuja kwa sentensi moja, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Niko natafuta arrêté ya jana, haiko!" Aliyelalamika ni katibu wa ofisi ndogo ya Lubumbashi inayowaandalia wafanyabiashara na vyama vya wachimbaji muhtasari wa habari za madini. Siku iliyotangulia alifungua ukurasa wenye arrêté, yaani agizo la waziri, akausoma hadi mwisho, akaufunga. Kiendelezi (programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo) kilichokuwa kwenye Firefox yake kilipaswa kuuhifadhi na kuukabidhi kwa Recoll, programu ya kutafuta ndani ya kompyuta. Alipoandika arrêté kwenye kisanduku cha kutafutia, ukurasa ule haukuja. Alipoandika kobalti, matokeo yalijaa skrini.

Mimi niliitwa kupima. Kiendelezi kiliandikwa na kijana mmoja aliyesoma informatika hapa mjini, na kusema kweli kazi yake ilikuwa safi kuliko nyingi nilizozikagua. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kasoro zake karibu zote zilikuwa mahali pamoja, pale kivinjari kinapoishia na programu ya kutafuta inapoanzia. Kila upande ukiupima peke yake unafanya kazi.

Kwanza, kwa nini ofisi ilitaka kitu cha namna hii. Hapa intaneti hununuliwa kwa mega. Ukurasa uliofunguliwa asubuhi na kutafutwa tena jioni hulipiwa mara mbili, na jioni mtandao unaweza usiwepo kabisa. Sababu ya pili ni nzito zaidi: kurasa hubadilika. Mwaka 2025 habari za kobalti zilikwenda mbio. Februari 22 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne. Mwezi Juni zuio likaongezwa miezi mitatu. Kuanzia Oktoba 16 likaja badala yake kwota, yaani kiwango cha juu cha kuuza nje: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka huo na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Mtu anayeandika muhtasari anahitaji kujua ukurasa fulani ulisema nini mwezi Machi. Kivinjari kinakumbuka anwani na kichwa cha ukurasa, basi. Maneno yaliyokuwa ndani yake hakiyakumbuki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Google Desktop, iliyotoka mwaka 2004 na kusitishwa 2011, ilikuwa inatafuta mpaka ndani ya kurasa ulizowahi kutembelea. Upande wa mfumo endeshi wa Linux kulikuwa na Beagle, iliyokuwa na kiendelezi chake cha Firefox: kilitupa kila ukurasa kwenye folda ya foleni, na Beagle ikauokota. Beagle ilikufa, mbinu ya foleni ikabaki. Recoll, ambayo inatumia maktaba ya Xapian, inafanya vilevile hadi leo na ina kiendelezi chake. Kijana wetu alikisoma hicho, akachukua mpango wake, lakini alitaka kitu kidogo zaidi chenye vitufe vya Kiswahili na kanuni kali za kukataa kurasa. Sikuona ubaya.

Kuna kizuizi ambacho anayeanza kuandika viendelezi hukigundua amechelewa. Kiendelezi cha leo hakiruhusiwi kuandika faili popote kinapotaka kwenye diski. Hadi Firefox 57, iliyotoka Novemba 2017, viendelezi vya mtindo wa kale viliweza kugusa diski moja kwa moja. Tangu hapo njia zimebaki mbili. Moja ni kuzungumza na programu ndogo iliyosajiliwa nje ya kivinjari. Nyingine ni kujifanya unapakua faili, ambapo kivinjari kinaliweka ndani ya folda ya vipakuliwa na si kwingine: njia kamili kuanzia mzizi wa diski hukataliwa, na nukta mbili za kurudi nyuma hukataliwa pia. Njia ya kwanza ni ya kistaarabu zaidi, ila inadai faili la usajili kwenye kila mashine. Tena kompyuta mbili za ofisi zina Ubuntu 22.04, aina ya Linux, ambako Firefox huja kama kifurushi cha Snap, yaani imefungiwa ndani ya uzio wake. Kijana akachagua njia ya kupakua, nami ningechagua hiyohiyo.

Kazi ikawa hivi. Ukurasa ukishasomwa, kiendelezi kinaandika mafaili mawili kwenye folda ya vipakuliwa: moja la yaliyomo, lingine la maelezo, lenye anwani, aina ya faili na usimbaji wa herufi (namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba ndani ya faili). Kisha kinafuta alama zake kwenye orodha ya vipakuliwa, mtumiaji asione msururu wa vitu asivyovijua. Skripti ndogo ya Python inayahamisha mafaili hayo hadi ~/.recollweb/ToIndex, na Recoll inayachukua hapo. Maandishi yenyewe hayaombwi tena kutoka kwenye seva. Yanatolewa kwenye ukurasa uliokwisha kufunguka, kwa outerHTML, yaani msimbo wa ukurasa ulivyo ndani ya kivinjari wakati huo. Kuuomba ukurasa upya kungekula mega mara ya pili, na kungeweza kuleta ukurasa usio ule aliouona mtumiaji.

Majaribio ya kwanza yalifaulu yote. Kijana alijaribu na kurasa za Kiswahili alizozoea kusoma, habari za redio za kimataifa na Wikipedia ya Kiswahili. Kila neno alilotafuta alilipata. Akaweka kiendelezi kwenye kompyuta za ofisi, akaenda zake.

Sasa turudi kwenye arrêté. Dhana ya kwanza ya ofisi nzima ilikuwa kwamba ukurasa haukuhifadhiwa. Dhana hiyo haikuchukua muda kufa. Nilimwomba katibu atafute neno jingine analolikumbuka kwenye ukurasa uleule, neno lisilo na alama juu ya herufi. Akaandika exportation. Ukurasa ukaja, wa kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo ulikuwepo tangu mwanzo, ila neno moja ndani yake halikuonekana.

Dhana ya pili ilikuwa ya kijana mwenyewe, nayo ilikuwa na akili: alama za Kifaransa. Recoll, usipoibadilisha, huondoa alama hizo na herufi kubwa wakati wa kujenga faharasa (orodha ya maneno ambayo utafutaji unaitegemea), ili anayeandika arrete na anayeandika arrêté wapate jibu moja. Akashuku mpangilio huo una hitilafu, akaanza kuuzima na kuuwasha, na kila mara faharasa ilijengwa upya kutoka sifuri. Nilimsimamisha, kwa sababu kulikuwa na ushahidi dhidi yake mezani: kurasa nyingine za Kifaransa zilizosomwa wiki hiyohiyo zilipatikana bila shida kwa arrêté na kwa arrete. Mpangilio ungekuwa mbovu, zote zingeumia.

Basi swali likawa, hizi zinazoumia zina nini? Tukazipanga mkono wa kulia na wa kushoto. Zilizopona zilikuwa za magazeti na mashirika ya habari, mpya mpya. Zilizoumia zilikuwa za tovuti za zamani zenye maandishi ya sheria na maagizo, kurasa zilizojengwa miaka mingi na hazijaguswa tangu hapo. Nikafungua faili lililohifadhiwa kwa kihariri cha maandishi. Arrêté ilisomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi wangekata tamaa. Lakini nilipofungua ukurasa huohuo ndani ya dirisha la kuonyesha la Recoll, nilisoma arrÃªtÃ©.

Anayefahamu usimbaji ameshaelewa. Kwa ambaye hajakutana na jambo hili: kurasa za zamani za Kifaransa ziliandikwa kwa ISO-8859-1, ambamo é ni baiti moja. Kurasa za leo ni UTF-8, ambamo é ni baiti mbili. Ukurasa wa zamani unapofunguka, Firefox inausoma kwa usimbaji wake halisi na kuugeuza kuwa maandishi ya ndani, sahihi kabisa. Kiendelezi kinapoyachukua maandishi hayo na kuyaandika kwenye faili, faili linaandikwa kwa UTF-8, hata kama ukurasa wenyewe ulikuja kwa usimbaji mwingine. Lakini juu ya ukurasa bado kuna ile lebo ya meta (mstari wa maelezo ambao msomaji hauoni) iliyokuja nao, inayotangaza ISO-8859-1. Na kwenye faili la maelezo kijana alikuwa ameandika thamani ya document.characterSet, ambayo inataja usimbaji ambao ukurasa ulikuja nao, usimbaji ambao faili lililoandikwa halina tena. Shahidi wawili wa uongo waliokubaliana. Recoll ikasoma baiti mbili za é kama herufi mbili tofauti, na neno likapasuka kabla ya kuingia kwenye faharasa. Kihariri changu kilionyesha vizuri kwa sababu hakikusikiliza shahidi yeyote. Kilidhani ni UTF-8 na kikabahatisha.

Kwenye kurasa mpya mstari uleule wa msimbo ulikuwa unasema kweli kwa bahati, maana zilikuwa UTF-8 tangu mwanzo. Na kwenye kurasa za Kiswahili kosa lisingeonekana hata kama zote zingekuwa za zamani. Kiswahili hakina alama juu ya herufi; maandishi yake ni herufi zilezile za msingi ambazo ISO-8859-1 na UTF-8 zinaziandika sawasawa, baiti kwa baiti. Kwa hiyo kijana aliyejaribu kwa lugha yake ya kila siku alipata majibu safi, na katibu anayesoma Kifaransa cha serikali kuanzia asubuhi hadi jioni akaangukia shimo siku za mwanzo tu. Kurasa za majaribio lazima zitoke kwenye historia ya kivinjari cha mtu atakayekitumia kifaa. Zikitoka kwenye historia ya aliyekiandika, zinapima tu mambo aliyokwisha kuyafikiria.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Faili la maelezo linaandika UTF-8 daima. Kisha, kabla ya kuandika yaliyomo, kiendelezi kinatengeneza nakala ya ukurasa kwa cloneNode, na kwenye nakala hiyo kinaondoa kila lebo ya meta inayotaja usimbaji na kuweka moja mpya ya UTF-8. Kijana aliuliza kama haitoshi kurekebisha moja kati ya hizo mbili. Labda ingetosha, lakini sikutaka kazi yetu itegemee ni kauli ipi ambayo msomaji wa upande wa pili ataamua kuiamini leo au katika toleo lijalo. Nakala ni ya lazima pia: ukiugusa ukurasa wenyewe unaweza kuuharibu mbele ya macho ya mtu anayeusoma. Tulipokuwa hapo tukaondoa na lebo za script kwenye nakala, kwa kuwa hakuna atakayezitafuta na zinajaza nafasi bure.

Ili jambo hili lisirudi, tulitengeneza sanduku la kurasa za majaribio kwenye ufunguo wa USB, zinazotumikiwa na seva ndogo ya Python kwenye kompyuta ileile, bila kutumia hata mega moja. Ndani yake kuna ukurasa wa ISO-8859-1 wenye lebo yake, mwingine wa usimbaji huohuo ambao tangazo lake liko kwenye kichwa cha jibu la seva peke yake (huu ulidai kuandika seva mistari michache, kwa sababu ile ya kawaida ya Python haitangazi usimbaji wa HTML), ukurasa usio na kichwa, ukurasa mrefu kupita kiasi, na mmoja ambao maandishi yake yanaletwa na JavaScript sekunde kadhaa baada ya ukurasa kujitangaza umekamilika. Huo wa mwisho ulitufanya tucheleweshe uhifadhi kidogo. Ucheleweshaji huo ulileta faida ambayo hatukuiomba: ukurasa uliofunguliwa kwa bahati mbaya na kufungwa papo hapo hauingii kwenye faharasa.

Kompyuta ya tatu haikuhifadhi chochote. Hakukuwa na ujumbe wa kosa, mafaili yalizaliwa na yakabaki palepale. Skripti ya Python ilikuwa inatazama folda iitwayo Downloads, na kompyuta hiyo iko kwa Kifaransa, ambapo folda hiyo inaitwa Téléchargements. Suluhisho la haraka lingekuwa kuandika jina la Kifaransa, lakini mashine ya nne lingeikwamisha. Hiyo iliwekwa kwa Kiingereza, ikageuzwa Kifaransa baadaye. Ubuntu ilipouliza kama ibadilishe majina ya folda, mtu alijibu hapana. Lugha ni Kifaransa, folda ni Downloads. Huwezi kubahatisha kwa kutazama lugha. Amri ya xdg-user-dir inaijua folda halisi ya kila mtumiaji, na skripti sasa inaiuliza hiyo.

Kisha umeme. Kompyuta za mezani za ofisi hazina betri, na umeme hapa hukatika bila kuaga. Tulijaribu kwa njia ya kikatili: kufungua ukurasa, kusubiri mafaili yatokee, kuchomoa waya. Baada ya kuwasha tena tulikuta mara nyingine jozi kamili ya mafaili ambamo faili la yaliyomo lilikuwa na baiti sifuri. Mfumo wa ext4 huchelewa kupeleka data kwenye diski, hivyo jina la faili laweza kunusurika na tumbo lake likapotea. Recoll ingepokea ukurasa mtupu wenye anwani halali. Sasa skripti inahamisha jozi pale tu mafaili yote mawili yapo na yote yana kitu ndani. Tupu linafutwa pamoja na mwenzake. Ukurasa uliopotea hivyo umepotea, mtu ataufungua tena.

Faragha

Hapa ndipo mjadala mkubwa wa ofisi ulikuwa, na kwa maoni yangu ndipo penye uzito kuliko herufi zilizopasuka. Aliyeuanzisha ni mhasibu, mama wa makamo ambaye hajali faharasa ni kitu gani. Alimwita kijana: "Mwanangu, na akaunti ya benki nayo inaingia humo?" Kijana akajibu, "Hapana Mama, neno la siri haliandikwi." Alisema kweli, lakini hakujibu swali aliloulizwa. Unachoandika kwenye kisanduku cha neno la siri kwa kawaida hakionekani kwenye outerHTML, kwa sababu kinakaa kwenye kumbukumbu ya kisanduku na si kwenye sifa zake. (Kwa kawaida, nasema, kwa sababu baadhi ya maktaba za JavaScript, React ikiwemo, hunakili thamani ya visanduku hadi kwenye sifa, ndiyo maana sasa tunafuta thamani za visanduku vyote kwenye nakala.) Ila salio la akaunti, jina la mteja, barua iliyofunguliwa, hayo yote ni maandishi ya kawaida ya ukurasa. Niliingia kwenye barua pepe ya majaribio, nikafungua ujumbe mmoja, nikautafuta kwenye Recoll. Ulikuwepo, neno kwa neno.

Miaka ya Google Desktop kulikuwa na kinga rahisi: kurasa za https, zinazosafirishwa zikiwa zimefichwa, zisiguswe. Wakati huo https ilikuwa ya benki na maduka, habari zilikuja kwa http, na kanuni moja iligawa dunia mara mbili. Leo haifai kitu. Tangu Let's Encrypt ianze kutoa vyeti bure mwaka 2015, na Chrome 68 ya Julai 2018 ianze kuzitangaza kurasa za http kuwa si salama, karibu kila tovuti ni https. Ukizikataa, unabaki na faharasa tupu.

Pendekezo la kijana lilikuwa orodha ya kukataa: benki hii, barua ile, mitandao ya kijamii. Nililipinga. Orodha ya kukataa inalinda dhidi ya tovuti unazozikumbuka siku unapoiandika, na siri za watu zinakaa kwenye zile usizozikumbuka, tovuti ya maabara, ya shule ya mtoto, ya ubalozi. Orodha ya kuruhusu inakosea upande mwingine: inaweza kukunyima ukurasa ulioutaka, jambo ambalo utaligundua na kulirekebisha. Mkuu wa ofisi hakupenda. Alisema watu watasahau kuongeza tovuti, na baada ya mwezi faharasa itakuwa na magazeti matatu. Hoja yake ina ukweli. Tulikubaliana hivi: tovuti za orodha zinahifadhiwa zenyewe, kwingine alama ya kiendelezi inakuwa ya kijivu, na ukiibonyeza ukurasa huo mmoja unahifadhiwa, huo tu.

Mpango huo ulileta nafuu nyingine. Ruhusa ya activeTab, ya kusoma ukurasa ulio mbele yako tu, inatosha kwa kubonyeza, na ruhusa za tovuti za orodha zinaombwa moja moja pale mtumiaji anapoziongeza. Lile onyo la kutisha wakati wa kusakinisha, kwamba kiendelezi kitasoma data zako za tovuti zote, likatoweka, kwa sababu halikuwa kweli tena. Madirisha ya faragha tulihakikisha hayaguswi. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019 Firefox haikiruhusu kiendelezi kuingia humo mpaka mtumiaji akubali.

Lililobaki ni la nidhamu. Faharasa ya Recoll haijafungwa kwa ufunguo wowote: anayeingia kwenye akaunti yako ya Ubuntu anaweza kutafuta humo. Ofisini watu watatu walikuwa wanatumia akaunti moja kwenye mashine ya mapokezi. Kila mmoja sasa ana yake, na Ubuntu tangu 21.04 haiachi folda ya nyumbani wazi kwa watumiaji wengine. Mhasibu aliridhika na hilo kuliko maelezo yangu yote.

Kutafuta chenyewe

Kurasa zinazobadilika, sababu ya pili ya kazi hii nzima, karibu zituponyoke. Recoll, ikiachwa ilivyo, huweka nakala moja tu kwa kila anwani: ukiufungua leo ukurasa uliousoma mwezi uliopita, nakala ya zamani inafutwa. Kwa mtu wa kawaida ni sawa. Kwa ofisi inayofuatilia amri zinazorekebishwa juu ya anwani ileile, ni kupoteza ushahidi. Mpangilio wa webcachekeepinterval ukiwekwa day unabakiza nakala za siku tofauti. Pamoja nao tuliongeza webcachemaxmbs, ambayo mwanzoni ni megabaiti 40. Ghala hilo likijaa linaanza kuandika juu ya vya zamani zaidi, na kwa nakala za kila siku lingejaa upesi.

Namba ni tabu yake. Kwota ile ya tani inaandikwa 96,600 kwenye ukurasa wa Kiingereza, 96 600 kwenye wa Kifaransa, na kwingine 96.600. Mtu anasoma kitu kimoja, faharasa inaona vitu tofauti. Kiendelezi hakiwezi kulitibu hili bila kuchezea maandishi ya watu, na nilikataa kabisa tuyachezee. Katibu amezoea kuandika namba kwa namna mbili, ile yenye nafasi akiiweka ndani ya alama za kunukuu.

Na Kiswahili, kilichofaulu majaribio yote ya mwanzo, ndicho kinachohudumiwa vibaya zaidi hapa. Kwa Kifaransa Recoll inajua kwamba creuseur (mchimbaji) na creuseurs ni ndugu, kwa sababu kanuni za kukata miisho ya maneno ya Kifaransa zipo. Za Kiswahili hazimo. Hata zingekuwemo za namna hiyohiyo zisingesaidia sana, maana umoja na wingi wetu unabadilika mbele ya neno: mgodi na migodi, mchimbaji na wachimbaji. Kinyota mwanzoni mwa neno kinasaidia, *chimbaji inaleta wote, lakini inailazimu programu kupitia orodha nzima ya maneno iliyonayo. Kwa faharasa ya ofisi hii unasubiri kidogo tu. Kwa kubwa zaidi ungechoka. Kijana anataka kiendelezi kiongeze maumbo ya wingi kwenye faili la maelezo wakati wa kuhifadhi. Nimemshauri aache kwanza; kazi hiyo ni ya upande wa kutafuta, na ukiipakia kwenye kiendelezi utalazimika kuhifadhi upya kila ukurasa siku utakapogundua kanuni yenye kasoro.

Kuhusu usakinishaji, siku za mwanzo kiendelezi kilipakiwa kwa muda kupitia about:debugging, na kila asubuhi ofisi ilidhani kimekufa. Kilikuwa kimeondolewa, kama inavyotakiwa: cha muda hutoweka Firefox inapofungwa. Firefox ya kawaida haikubali kiendelezi kisicho na saini tangu toleo la 48, kwa hiyo kilipelekwa Mozilla, waundaji wa Firefox, kusainiwa bila kuorodheshwa hadharani, na faili lililorudi ndilo linalosambazwa kwa USB.

PDF hazijatatuliwa. Firefox inazifungua kwa kionyeshi chake cha ndani, ambako viendelezi haviruhusiwi kuingiza msimbo, na maandishi mengi ya sheria huja kwa PDF. Kwa sasa alama ya kiendelezi inakuwa nyekundu kwenye ukurasa wa PDF, na katibu anajua maana yake: ahifadhi faili mwenyewe kwenye folda ambayo Recoll inaitazama. Zile ambazo ni picha za karatasi zilizoskaniwa zinapitishwa kwanza kwenye Tesseract, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, jioni, kabla ya kompyuta kuzimwa. Arrêté ya siku ile ya malalamiko ilipatikana baada ya kufunguliwa upya kwa kiendelezi kilichorekebishwa. Zilizohifadhiwa kabla yake zilisahihishwa kwa skripti iliyobadilisha matangazo ya usimbaji na kuzirudisha kwenye foleni, isipokuwa chache ambazo ghala lilikuwa limekwisha kuziandikia juu.